Haragwe la Tatu

Mpaka nafikisha miaka arobaini na sita, nilikuwa nimeshawaambia watu wote pale sokoni Sumbawanga kwamba hakuna jambo litakalonishangaza tena hapa duniani. Na sikuwa natamba bure. Nilishaona lori likirudi kinyumenyume kwenye mteremko wa kwenda bondeni, magunia yangu themanini juu yake, likasimama lenyewe kwenye jiwe kama limeamriwa. Nilishaona ofisa aliyekuwa akininyang'anya mahindi kizuizini barabarani, miaka ile ambayo kusafirisha gunia lako mwenyewe kulikuwa kosa, akaja miaka ya ruksa kuniomba kazi ya kusimamia ghala. Nikampa. Akawa ananiita tajiri. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Mimi niliishia darasa la nne. Nilianza na baiskeli, gunia moja nyuma, napita vijiji vya Ufipa nanunua mahindi debe mojamoja. Serikali ilipoachia biashara, wasomi walikaa wakijadili kama ni kweli au ni mtego. Mimi sikukaa. Nilikodi lori la kwanza nikapeleka mahindi Tunduma, nikarudi na chumvi na sabuni, chumvi nikaishusha Kabwe, kule ziwani, nikapandisha dagaa na migebuka. Miaka sita baadaye nina ghala, nina lori langu, nina nyumba ya bati yenye vyumba vitano. Kalamu sikuitumia. Kila kitu kilikaa humu, kichwani.

Naomba nikieleze kichwa hiki, kwa sababu habari yote ni yake. Wafanyabiashara wenzangu wasiojua kuandika vizuri walihesabu magunia kwa punje. Unajaza mfuko wa kulia wa koti punje za mahindi, unasimama mlangoni mwa ghala, kila gunia linalopita begani mwa kuli, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Mwisho unahesabu punje. Mimi niliwacheka. Nilisimama mlangoni mikono mfukoni kwa ajili ya baridi tu, napiga soga, nauliza habari za wagonjwa na misiba, na lori likijaa nasema, "Mia moja na kumi na mbili." Wenye punje wanahesabu, wanakuta mia moja na kumi na mbili. Makuli wanapiga mluzi. Unaweza kuniuliza bei ya debe katika kijiji chochote, msimu wowote, nikakwambia, na nikakutajia nani alilia siku hiyo.

Basi siku moja ya mavuno, nikiwa kwenye mizani, nikaona mshale wa mizani umekuwa miwili. Nilipozinduka nilikuwa hospitali. Daktari, kijana mwembamba mwenye miwani, akaniambia ni presha, tena ya siku nyingi. Akanipa vidonge vidogo vyeupe, vina mstari katikati, ndani ya bahasha ya kaki. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vidonge sitini, mwezi mzima.

"Mzee," akasema, nami sijawa mzee, "ukiacha kumeza utaanguka. Ukizidisha pia utaanguka. Na ukianguka tena, huenda usiinuke mzima. Nikuandikie karatasi ya kuweka alama kila unapomeza?"

"Wewe kijana," nikamwambia, "mimi nakumbuka bei ya maharage ya mwaka uliozaliwa. Mara mbili kwa siku ndiyo nisahau?"

Muuguzi aliyekuwa pembeni akacheka. Nilidhani anacheka na mimi.

Mambo yakawa mepesi. Asubuhi nakaa kwenye kiti changu karibu na dirisha linaloangalia milima ya Mbizi, mama watoto analeta uji wa ulezi na maji kwenye kikombe cha bati cha bluu, nameza. Jioni nikitoka ghalani nakaa kiti kilekile, kikombe kilekile, nameza. Watoto wetu wawili walikuwa shule za bweni, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu. Bahasha ilikaa juu ya redio.

Siku ya ishirini na mbili bahasha ikawa tupu.

Nilikaa nikaiangalia. Siku ishirini na mbili, vidonge arobaini na vinne. Kumi na sita havipo. Nikarudia hesabu, si kwa sababu nina shaka na mimi, ila kwa heshima ya watu waliomo ndani ya nyumba. Kumi na sita. Nikamuuliza mke wangu.

"Labda umemeza mara mbili siku nyingine, baba watoto," akasema, akichambua mboga. "Jana tu nilikwambia umeshameza, ukanifokea."

Ni kweli alinambia. Na si jana tu. Nilikumbuka mara zote, neno kwa neno. Jumatatu ile alisimama mlangoni na ndoo akasema, "Umeshameza, maji nilikuletea mimi mwenyewe." Nikamjibu, "Unanifundisha?" Siku ya gulio akasema, "Mume wangu, hicho ni cha pili." Nikamjibu kama ni cha pili, cha kwanza kiko wapi. Kila akisema hivyo nilijitafuta moyoni, nikaona wazi kabisa kwamba sijameza. Kwa hiyo nikameza.

Sasa mbele ya bahasha tupu nikajiuliza swali la kibiashara: nani anapata faida nikiacha kumeza? Jibu likaja haraka, na likaniuma. Kaka yake.

Shemeji yangu huyo alikuwa amefungua duka la dawa baridi kwao Ilemba, kule chini bondeni. Zamani dawa ulizipata zahanati ya serikali au hukuzipata kabisa. Sasa kila mwenye chumba cha mbele na rafu tatu aliweza kuwa mfamasia. Rafu zake nilizibeba mimi kwenye lori langu bila nauli, na misumari juu. Nikatafuta sababu ya kwenda Ilemba kununua mpunga, nikaingia dukani kwake, nikaona juu ya meza kopo kubwa limefunguliwa. Ndani mna vidonge vidogo vyeupe. Vina mstari katikati.

"Hivi ni vya nini, shemeji?" nikauliza, kama mtu asiye na neno.

"Presha. Wazee wengi siku hizi. Wewe unavyo?"

"Ninavyo," nikasema. "Vinapungua."

"Ukipungukiwa njoo, nitakupunguzia bei."

Anipunguzie bei ya vidonge vyangu mwenyewe! Nilirudi juu na lori, kila kona ya mlima nauona ule uso wake ukitabasamu. Vitu vyote vilikaa mahali pake kama magunia yaliyopangwa na kuli hodari. Mwanamke ananiambia nimeshameza ili nisimeze. Nisipomeza, kidonge kinabaki. Kinachobaki kinashuka bondeni kwa basi ndani ya fundo la kanga. Nimemwoa miaka ishirini, tukala mihogo mikavu pamoja, tukalala juu ya magunia pamoja, na ananiuza kidonge kimojakimoja.

Mwezi wa pili nikachunga, sikusema. Bahasha ikaisha siku ya ishirini. Na mwili ukaanza kunigeuka. Nikisimama, ghala linazunguka. Mikono ya baridi hata saa sita mchana. Moyo unapiga taratibu kama mtu anayebisha hodi huku amekata tamaa. Nikajua ni upungufu wa dawa. Daktari si alisema nikiacha nitaanguka? Nikawa mkali zaidi. Siku mke wangu aliposhika mkono wangu, kidonge kikiwa mdomoni tayari, akasema, "Tafadhali, kiteme, asubuhi hii umeshameza," nilikitafuna mbele ya macho yake, kichungu kile, nikamwambia apande kwenye lori.

Hakuuliza tunakwenda wapi. Alijifunga kitenge, akapanda. Njia nzima hakusema neno, nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa kukiri.

Tulifika kwao mchana. Baba mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba akisuka kamba. Mtu hapazi sauti uani kwa mkwe wake. Hata mlevi wa kwetu anajua. Mimi sikusubiri hata kukaribishwa kigoda. Nilisimama na viatu vyangu vya mjini, nikasema mbele ya majirani, mbele ya Wasukuma wawili waliokuwa wakipitisha ng'ombe wao, "Shikamoo baba. Nimekuleteeni mwizi wenu. Amemaliza dawa zangu, mwezi wa kwanza pekee vidonge kumi na sita, anamletea kaka yake auze."

Baba mkwe aliacha kamba. Akamwangalia binti yake, kisha mimi.

"Umehesabu vizuri?" akauliza.

"Mimi, baba? Mimi nihesabu vibaya?"

"Nimeuliza tu, mwanangu."

Shemeji alitoka dukani na koti lake jeupe. "Tajiri, nina kopo la vidonge elfu moja, nitaiba kumi na sita ili iweje? Nifungue kiwanda?" Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Aliingia ndani na kifurushi chake, na pale mlangoni ndipo akageuka.

"Nimekwambia kila mara," akasema. "Kila mara. Sina kingine cha kukwambia."

Nikapandisha mlima peke yangu. Nilijiona nimeshinda.

Mwezi wa tatu nilichukua vidonge sitini vipya. Nikaviweka kwenye sanduku la chuma la fedha, nikalitia kufuli, ufunguo nikautia kamba nikauvaa shingoni. Nyumba tupu. Chakula nakula hotelini. Uji najipikia mwenyewe, una mabonge. Siku ya kumi nikafungua kuhesabu, kwa raha tu, kama mtu anayefungua ghala alione limejaa. Vilitakiwa kuwa arobaini. Vilikuwa thelathini na viwili.

Nilihesabu juu ya kitanda. Nikahesabu mezani. Thelathini na viwili. Nikasema ana ufunguo mwingine, amempa mtu. Nikanunua kufuli jipya la Kichina, wakati ule yalijaa dukani, nikatia na komeo la dirisha. Siku nne baadaye vilitakiwa kupungua vinane. Vilipungua kumi na kimoja. Komeo liko palepale, vumbi lake halijaguswa.

Siku iliyofuata nilikuwa mlangoni mwa ghala tunapakia. Nikaanza kuhesabu kama kawaida, na kwenye gunia la sitini na kitu miguu ikakosa mfupa. Kuli mmoja alitupa gunia lake akanidaka.

"Tajiri umepiga kidogo nini?" akasema. "Asubuhi yote hii!"

"Sinywi," nikasema.

"Hata mimi huwa nasema hivyohivyo."

Walinikalisha juu ya magunia. Mmoja akauliza tumefika magunia mangapi. Nikafungua mdomo, na hakukuwa na kitu. Mara ya kwanza katika maisha yangu, hakukuwa na kitu. Yule ofisa wa zamani wa kizuizini, msimamizi wangu, akatoa punje mfukoni mwake, akahesabu kwa sauti: sitini na nane. Nikamwangalia. Kumbe miaka yote hiyo, nyuma yangu, alikuwa akihesabu kwa punje. Hakuwahi kuniamini.

"Na siku nyingine zote," nikamuuliza, "nilikuwa sahihi?"

Akarudisha punje mfukoni. "Mara nyingi, tajiri," akasema. "Mwaka huu, mara nyingi."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Sikutaka kufanya nilichofanya, lakini hakukuwa na mtu wa kuniona. Mahindi sikuyatumia, maana mfuko wa mfanyabiashara wa mahindi haukosi punje. Mke wangu alikuwa ameacha debe la maharage ya njano ya mbegu. Nikaweka bakuli la maharage juu ya sanduku. Nikajiwekea sheria moja: kabla ya kufungua kufuli, haragwe moja liingie mfuko wa kulia wa koti. Mfuko wenyewe niliugeuza nje kwanza, nikaukung'uta.

Asubuhi nikatia haragwe, nikameza. Hilo nilikumbuka. Jioni nikatia haragwe, nikameza. Hilo nalo nilikumbuka. Kabla ya kuvua koti nikaingiza mkono mfukoni. Nikatoa mkono, nikaufungua dirishani penye mwanga.

Maharage matatu.

Nilikaa kwenye kile kiti. Nikajaribu kuitafuta ile mara ya tatu. Ilikuwa asubuhi, baada ya uji? Mchana niliporudi kuchukua leseni ya gari? Nilipekua kichwa kama mtu anayepekua nyumba yake baada ya mwizi. Nilimwona mtu amekaa kwenye kiti, ameshika kikombe cha bluu, anameza. Lakini yule mtu alikuwa wa leo, au wa jana, au wa mwezi uliopita, sikuweza kumtofautisha. Ndipo nikaelewa, mimi peke yangu, bila daktari. Bei ya debe inakaa kichwani kwa sababu ina ugomvi ndani yake: yule anataka hivi, wewe unataka vile, mtu analia, mtu anaondoka anarudi. Kidonge hakina ugomvi. Kiti kilekile, maji yaleyale. Siku zangu zilikuwa zimekaa kama magunia ya mkulima mmoja, hayana alama, na mimi nikawa nachukua la jana nikilidhani la leo, na la leo nikilidhani la jana. Nikiamka nikajiuliza kama nimemeza, kichwa kilinijibu hapana kwa sauti ileile ya kujiamini kiliyotumia kunijibu mia moja na kumi na mbili.

Na ugomvi wote na mke wangu nilikuwa naukumbuka. Kila neno. Nilikumbuka alivyosema nimeshameza, sikukumbuka kumeza.

Watu wameshanigeuka. Dereva aliuza tairi yangu kwa siri, rafiki alinizunguka kwenye zabuni ya shule. Waliniuma, nikawafukuza, nikalala usingizi. Hiki nitakifukuza kwenda wapi? Kichwa hiki ndicho kilichonitoa kwenye baiskeli. Nimekitangaza sokoni, nimekisifu mbele ya wasomi, nimekiamini kuliko mwanamke aliyelala na mimi juu ya magunia. Kikanidanganya, na kilipoona nimeanza kushuku, kikanielekeza kwake.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Muuguzi yule aliyecheka akanifunga kitambaa mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena.

"Imeshuka mno. Unatembeaje wewe? Unameza ngapi kwa siku?"

Nilitaka kusema viwili. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaweka mezani maharage. Hayo ya siku hiyo, na saa nne ilikuwa haijafika. Yalikuwa mawili.

Hakucheka safari hii. "Nyumbani kuna mtu wa kukuangalia?"

"Alikuwepo," nikasema.

Kurudi Ilemba nilikwenda kwa gari la abiria. Sikutaka kufika na lori langu. Wazee wa kwao walinikalisha chini, na walichukua muda wao. Nilieleza yote, na maharage nikayatoa. Mzee mmoja akayachukua akayaangalia kama anataka kuyanunua. "Kwa hiyo mwizi ni huyu," akasema, akanigusa paji la uso na kidole. "Na mkwe wetu alikuja kumkamata mwizi, kumbe mwizi mwenyewe amempakia mbele ya lori." Wakacheka mpaka wakakohoa. Sikukasirika. Nilitafuta hasira, sikuipata.

Faini ikawa ng'ombe mmoja kwa kupaza sauti uani na kumwita binti mwizi mbele ya wapita njia, mablanketi kwa wakwe, kitenge cha mama mkwe, sukari, na pombe ya wazee. Shemeji alisema yeye hataki faini, anataka ninunue dawa za mwezi mzima dukani kwake, mbele ya watu walewale, na nizihesabu kwa sauti. Nikazihesabu. Nilipofika arobaini akaniuliza habari za safari, makusudi, na ikanibidi nianze upya.

Mke wangu alinisikiliza wa mwisho. Alikuwa amekaa mlangoni palepale aliponiachia neno.

"Ningetaka kuamini unarudi kwa sababu yangu," akasema. "Lakini naona umerudi kwa sababu ya maharage."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimwinue, kumbe anataka ufunguo. Nikauvua shingoni, akaufunga kwenye pindo la kanga. Mpaka leo uko hapo. Nikimwambia sijameza, hanijibu, ananionyesha bakuli. Siku nyingine naliangalia lile bakuli na bado, humu ndani, kuna kitu kinaapa kwamba maharage yameongezwa.

Tulipanda mlima pamoja kwa gari la abiria, amekaa dirishani. Karibu na mjini nikaanza kujumlisha kimyakimya gharama zote, kama ninavyofanya baada ya kila safari, na faini, na nauli, na dawa za shemeji. Nikasema kwa sauti, kwa mazoea ya kutamba, "Elfu sitini na mbili na hamsini."

"Mablanketi yalikuwa mawili," akasema, bila kugeuka. "Umehesabu moja."

Blanketi moja lilikuwa elfu nne na mia tano. Bei niliikumbuka, hata nilivyobishana na muuzaji niliikumbuka. La pili sikulikumbuka kabisa, wala sikumbuki kulikabidhi. Nilichukua hesabu yake. Elfu sitini na sita, mia tano na hamsini.